Mkutano wa Saa Saba Uhamishwe

Sisi tunaoandika maoni haya ni wanachama wanne wa chama hiki. Wawili wetu tuna kisukari cha aina ya kwanza na tunajidunga insulini kila siku. Mmoja hali ngano wala chochote chenye unga wake. Wa nne ana upungufu wa G6PD, kwa hiyo fuli, yale maharage makubwa yanayoliwa asubuhi katika mikahawa mingi ya Maskati, kwake ni marufuku, kwani yanaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Hatuandiki ili tuonewe huruma. Tunataka ratiba ya chama ibadilishwe, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho kabla ya kupinga.

Muhula uliopita mmoja wetu alitoka darasani saa sita u nusu, baada ya vipindi vitatu mfululizo, akaja moja kwa moja mkutanoni. Tangazo lilisema chakula ni saa saba. Saa saba kasorobo akajidunga insulini, kama alivyofundishwa na daktari wake. Hotuba zikarefuka. Ilipofika saa nane kasorobo masinia yalikuwa bado yamefunikwa, na yeye alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamgongana mdomoni. Akanyoosha mkono achukue juisi. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akamnyang'anya: "Wewe una sukari, hiyo itakuua!" Ilibidi mwingine wetu aingilie kati na kuirudisha ile juisi mkononi mwake.

Basi kwanza tulieleze hili, maana si siku zote mmoja wetu atakuwa karibu. Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kuumizwa na sukari iliyopanda, lakini iliyoshuka humuangusha kwa dakika chache tu. Ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, dawa yake ni sukari yenyewe: gramu 15 za haraka, kama nusu gilasi ya juisi, kisha asubiri dakika 15 na kupima tena. Akizimia, asitiliwe kitu mdomoni. Ipigwe simu 9999.

Baada ya siku ile tulipewa nasaha nyingi: tubebe chakula chetu, tujizuie, tuwe na nidhamu. Chakula tunabeba, na nidhamu tunayo. Hakuna anayehesabu vijiko vya wali kama sisi. Lakini mwiko wa chakula haukai kwenye sahani peke yake, unakaa kwenye saa pia. Anayepima anachokula anahitaji kujua atakula lini, na anahitaji mwili uliopumzika. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya vijana wanaume 11, wazima wa afya, waliolala saa nne tu kwa usiku kwa siku sita. Miili yao ilianza kushindwa kuitumia sukari ipasavyo. Hao hawakuwa na maradhi yoyote. Sisi wenye maradhi tunayaona hayo kila wiki ya mitihani: usiku mfupi, asubuhi vipimo vimevurugika, na chakula ni kilekile cha jana.

Ajabu ni kwamba mji huu unaijua thamani ya mchana. Maduka ya soko la Matrah hufungwa adhuhuri na kufunguliwa jioni. Sheria ya kazi inakataza watu kufanya kazi juani kuanzia saa sita u nusu hadi saa tisa u nusu, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Majumbani mwetu mabibi waliotoka Unguja na Mombasa bado wanalala kailula, na ole wake mtoto atakayepiga kelele saa hizo. Ni sisi wanafunzi tu tunaoona fahari kuulizwa "mna nafasi?" na kujibu "hatuna hata dakika". Saa pekee iliyobaki wazi tumeijaza mikutano.

Tunajua jibu la kamati: saa saba ndiyo saa ambayo kila mtu yuko huru. Kweli, lakini yuko huru kwa sababu ni saa ya kula, kusali na kulaza kichwa. Pendekezo letu la kwanza ni kwamba mkutano uwe saa kumi na nusu, baada ya Alasiri, wakati ambao hata wazee wetu hutoka kukaa barazani. Wenzetu wanaokaa Barka na Quriyat watasema wanachelewa kurudi nyumbani. Wana haki kusema hivyo. Basi mikutano ipunguzwe, iwe mmoja kwa mwezi badala ya kila wiki, na anayeshindwa kubaki ashiriki kwa simu. Heri mkutano mmoja tuliokaa na akili zetu kuliko minne ya kusinzia.

Pendekezo la pili ni kuhusu meza yenyewe. Chakula kiwekwe wazi kwa saa iliyotangazwa, hotuba ziendelee watu wakila. Kila sahani iwe na karatasi inayotaja kilichomo. Vitumbua vya mchele vinamfaa asiyekula ngano, ila wapo wapishi wanaochanganya unga wa ngano, na yeye hawezi kujua kwa kutazama. Pawe na samaki wa kuchoma, saladi na maji, pamoja na biriani na halwa yenu. Hatuombi kuondolewa kwa kitu chochote.

La tatu halina gharama hata baisa moja. Hapa Oman mgeni aliyetosheka na kahawa hukitikisa kikombe chake, na mwenye kumimina huondoka bila kinyongo. Hakuna anayemwambia "basi tone moja tu". Lakini mtu akikataa halwa anaandamwa: onja kidogo, haidhuru, nimeipika kwa mkono wangu, au unatudharau? Tunaipenda halwa kama nyinyi. Tunapochoka, kukataa mara ya tano kunakuwa kazi kuliko kula, na wengine wetu tumekula ili tu tuachwe. Tunaomba "hapana, ahsante" yetu iheshimiwe kama kile kikombe kinavyoheshimiwa.

Wapo watakaouliza kwa nini chama kizima kipindwe kwa ajili ya watu wanne. Tulikuwa wawili mpaka tulipoanza kusema waziwazi. Wengine wawili walikuwa wanajificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hatudhani kwamba wanaojificha wamekwisha.

Mapendekezo haya matatu tutayaleta kwenye mkutano mkuu yapigiwe kura. Mkutano huo, kama kawaida, umepangwa saa saba mchana. Tutakuja. Tunaomba tu siku hiyo masinia yafunuliwe kwanza.