Joto la Bonde la Rukwa na Mkimbiaji wa Nyanda za Juu

Mkimbiaji wa Tunduma amezoea ubaridi wa nyanda za juu. Anaposhuka kukimbia kando ya Ziwa Rukwa, takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, hukutana na joto ambalo wepesi wa miguu haumkingi nalo. Tena, akichagua njia ndefu ya mzunguko isiyo na mkato, akishapita nusu, kurudi nyuma hakumpunguzii safari.

Kwa hiyo ushauri wa kliniki usiishie kwenye kupima shinikizo la damu na kusifu mazoezi. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Mbio ndefu zitanguliwe na mbio fupi bondeni, alfajiri, na maji safi yabebwe, kwani ya ziwa hilo ni ya magadi.

Mkimbiaji akichanganyikiwa, akiyumba au kuanguka, wenzake wasitangulize kutafuta gari. Wamlaze kivulini, wammwagie mwili mzima maji yoyote yaliyo karibu, wampepee. Akipoa ndipo asafirishwe. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Joto likikawia mwilini huharibu ubongo, na tiba yake ya kwanza haingoji hospitali.