KUSTAAFU BILA AKIBA SI KUPUMZIKA



Wengi husema kwamba mfanyakazi akistaafu huenda kwao kupumzika. Sisi tunaokaa Kaloleni hii ya Voi twaona mambo mengine.

Mtazameni mzee aliyekata mkonge katika mashamba ya matajiri tangu ujana wake. Amefika miaka 60, ameambiwa asante, amerudi nyumbani. Mvua za vuli zikikosa, hapati kitu shambani. Zikinyesha vizuri, ndovu wa Tsavo huja usiku wakavuna kabla yake. Basi kinacholisha nyumba ni kikapu cha mkewe. Mama huyo hupara jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu, huzianika juani, huzisokota juu ya paja, huzitia rangi, kisha husuka siku nyingi mpaka kikapu kimoja kiishe. Mkonge ule ule uliomtajirisha mwenye shamba ndio unaomlisha mzee leo, tena kwa mikono ya mama ambaye hakuandikwa kazi na mtu wala kuwekewa senti ya uzeeni.

Kusuka ni kazi ya heshima. Tunalokataa ni kwamba kikapu ndicho kiwe pensheni.

Fanyeni hesabu. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ulianzishwa mwaka 1965, na umri wake wa kustaafu ni miaka 60. Tangu 2018 Serikali huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi Shilingi 2,000 kwa mwezi. Je, aliyestaafu bila akiba atakula nini miaka kumi iliyo katikati?

Na hata mwenye kukatwa mshahara asilale. Sheria ya NSSF ya 2013, iliyoanza kutumika 2023, yataka mfanyakazi atoe 6 kwa 100 na tajiri atoe kiasi kile kile. Lakini tumemwona mwenzetu aliyekatwa miaka mingi, na alipokwenda kudai akaambiwa fedha zake hazikufika. Karatasi ya mshahara yaonyesha kwamba umekatwa. Haionyeshi kwamba fedha zimepelekwa.

Kwa hiyo twasema hivi. Kila mwanachama aulize hesabu yake NSSF kila mwaka, na akiona pengo alete habari kwa katibu upesi, kabla tajiri hajafunga shamba akaondoka. Vibarua nao wadai kuandikishwa. Na mama zetu wasukaji wajiandikishe wenyewe, maana mlango wa wanaojiajiri uko wazi, tena wauze vikapu kwa pamoja, wasimwachie mchuuzi awapangie bei mmoja mmoja.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijai kwa mtu anayeanza kuweka siku ya kustaafu. Tuanze mwezi huu, tungali na nguvu.

UMOJA NI NGUVU.