Fomu bora ni ile isiyojazwa

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia "huduma kwa mwananchi", mbio tunatengeneza fomu ya mtandaoni, tunaipamba, kisha tunapongezana. Lakini jamani, mara nyingi fomu yenyewe ndiyo tatizo. Tazameni Uskoti.

Mwaka 2016 Bunge la Uingereza liliigatulia Uskoti mamlaka juu ya baadhi ya misaada ya jamii, ikiwemo ya walemavu, walezi na familia zenye watoto wadogo. Waskoti hawakukimbilia kompyuta. Kuanzia 2017 walikusanya watu zaidi ya 2,400 wenye uzoefu wa misaada hiyo, wakawauliza mfumo wa zamani ulikuwa ukiwaumiza wapi. Mwaka 2018 wakapitisha sheria inayoweka heshima ya utu wa mwombaji katikati ya kazi yote. Mwaka huo huo wakaanza kulipa, msaada mmoja baada ya mwingine. Ule wa watoto walemavu ulijaribiwa katika maeneo matatu mwaka 2021 kabla ya kwenda nchi nzima. Na asiyeweza mtandao anaweza kutumia simu, karatasi, au kukutana na mhudumu ana kwa ana.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Mzazi mwenye kipato kidogo hujaza fomu moja tu kuomba malipo ya kila wiki ya mtoto, pesa za chakula na ruzuku za utotoni. Tena tangu Novemba 2022, anayepokea malipo ya mtoto hutumiwa ruzuku za umri wa chekechea na wa kuanza shule bila kuomba upya. Serikali inajua umri wa mtoto, kwa nini imuulize mama mara ya pili?

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Wengi walioomba msaada wa ulemavu walingoja miezi kadhaa kujibiwa. Kumsikiliza mtu vizuri halafu kumchelewesha, bado umemuumiza.

Sasa turudi nyumbani. Inua Jamii huwalipa wazee walioandikishwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Tarehe ya kuzaliwa ya mzee iko kwenye kitambulisho chake, na kitambulisho kilitolewa na serikali hiyo hiyo. Basi kwa nini ajipange foleni ili aandikishwe, badala ya serikali kumtafuta yeye? Najua, tarehe nyingine ni za kukadiria, na wengine hawana kitambulisho kabisa. Hao ndio wa kutumiwa afisa mlangoni. Wengine tayari tunawajua.

Kwa hiyo mwenzangu, ukipewa kazi ya serikali, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa kodi, jiulize maswali mawili. Ni nani atakayeshindwa na hii fomu? Na ni swali gani hapa ambalo serikali ina jibu lake tayari? Ukikosea, wewe utarekebisha hitilafu kesho. Ajuza wa watu atalala njaa leo.

Au mwaonaje?