TOVUTI YA USHIRIKA TUIWEKE WAPI?

Ndugu Wanachama,

Kuna maneno yanazunguka kijijini juu ya tovuti ya kuonyesha korosho zetu kwa wanunuzi. Wengine wanasema tununue kompyuta, iwekwe ofisini kwetu, tovuti ikae humo humo, tuache kumlipa mtu kila mwaka. Wengine wanasema tukapange kwenye kampuni yenye mitambo ya kazi hiyo. Sisi tumesikiliza pande zote mbili, na tunasema wazi: tukapange. Lakini tupange kwa akili.

Wanaotaka ikae kwetu siyo wajinga. Kujitegemea ni jambo jema. Hata tovuti ya kwanza duniani, mwaka 1990, ilikaa kwenye kompyuta ya kazini ya bwana Tim Berners-Lee, huko CERN, Uswisi. Alibandika karatasi juu yake kuonya watu wasiizime. Wala umeme siyo hoja kubwa. Kompyuta ya wati 100, ikiwaka usiku na mchana, inakula uniti 72 kwa mwezi. Ile ndogo ya wati 5 haifiki hata uniti 4.

Shida inaanzia kwenye hiyo karatasi: kompyuta ya tovuti haitakiwi kuzimika. Umeme ukikatika, duka limefungwa. Bando likiisha, limefungwa. Mnunuzi wa India akibisha hodi asijibiwe, anakwenda kwa mwingine. Nani atalala ofisini kuilinda? Tena laini nyingi za intaneti za kutumia nyumbani hazina anwani ya kudumu, mgeni anashindwa kuupata mlango.

Na kubwa kuliko yote, kompyuta ya ofisi ndiyo yenye daftari la wanachama, majina na malipo. Ukiwafungulia watu wa dunia nzima mlango humo, mwizi naye atapita. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai tuzilinde taarifa za watu.

Jamani, mbona jambo hili tunalijua? Korosho zetu hatulali nazo nyumbani. Tunazipeleka ghala kuu kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya mwaka 2005. Ghala siyo letu, tena tunalilipia, lakini mali ni yetu kwa sababu stakabadhi ipo.

Basi na tovuti tuiwekee stakabadhi zake:

1. Jina la tovuti, lile linaloishia na tz, liandikishwe kwa jina la Ushirika. Lisiandikwe kwa jina la kampuni wala la kijana aliyetutengenezea. Fundi akihama na jina, tumekwisha.

2. Neno la siri lijulikane na wajumbe wawili wa Bodi, asilishike mtu mmoja.

3. Kila mwezi nakala nzima ya tovuti iletwe ofisini kwenye flashi, ifungiwe kabatini. Kampuni ikifilisika au ikipandisha ada, tunahamia kwingine na jina letu lile lile.

Ada ya mwaka nayo iingie kwenye makisio, isingojee michango. Na vijana wanaotaka kujifunza wapewe ile kompyuta ndogo wafanyie mazoezi, mbali na daftari la wanachama.

Njooni Mkutano Mkuu tuamue pamoja. Mwenye stakabadhi ndiye mwenye mali.

Ushirika hoyee!

Katibu wa Chama, Kijiji