Magazeti ya Hadithi Si Takataka

Neno langu mwaka huu ni moja tu: gazeti la hadithi si adui wa masomo.

Wengi wetu tunaamini kwamba maandishi yenye maana ni yale yanayotahiniwa peke yake. Mwanafunzi akipatikana na jarida la vibonzo au hadithi ya upelelezi, ananyang'anywa papo hapo na kuambiwa anachezea karo ya mzazi. Baadaye utaona karatasi zile zimefungia maandazi sokoni, ama zimewashia moto jikoni. Lakini hebu tujiulize, hao waandishi wakubwa tunaokariri majina yao walipitia wapi?

Charles Dickens wa Uingereza hakuanza na riwaya nene. Mwaka 1836, Pickwick Papers ilianza kutoka kila mwezi kwa vijitabu vya shilingi moja, na aliyemaliza kimoja alingoja mwezi ujao. Sherlock Holmes naye alivuma katika jarida la The Strand kuanzia mwaka 1891. Kule Marekani, majarida kama Argosy na Weird Tales yalichapishwa kwa karatasi hafifu ili bei iwe chini na hata kibarua aweze kununua.

Hapa kwetu pia mambo yalikuwa hivyo. Weird Tales lilianza mwaka 1923, na mwaka huo huo Tanganyika ikapata Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la kila mwezi. Lilikuwa la serikali ya kikoloni, ndiyo, lakini wasomaji walilifanya lao kwa kulitumia barua, hadithi na mashairi. Shaaban Robert mwenyewe alichapisha mashairi yake humo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa mtu wa magazeti, na mwaka 1958 akawa mhariri wa jarida la Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957-58, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Hivyo ndivyo tulivyompata Bwana Msa, mpelelezi wetu mwenye kiko!

Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakigombania African Film, jarida la picha lenye mpelelezi Lance Spearman. Lilikuwa la Kiingereza. Faraji Katalambulla, aliyekuwa ameandika Simu ya Kifo mwaka 1965, hakukaa akilalamika kwamba vijana wamepotea. Alianzisha Film Tanzania, akawapa hadithi za picha kwa Kiswahili. Nairobi nako, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Joe mwaka 1973, jarida la vichekesho na hadithi fupi lililodumu hadi 1979. Na wazee wetu wangali wanamkumbuka Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo.

Najua mwalimu atasema, "Wewe kijana, hayo magazeti yamejaa ngumi, bastola na mapenzi." Sikatai. Mengine ni ovyo kabisa. Lakini dawa ya hadithi mbaya ni hadithi nzuri zaidi. Ukimnyima kijana ya kusoma, hatakimbilia kamusi. Atatafuta nyingine mafichoni, na huko hakuna wa kumwongoza.

Tena sisi wa Roret tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko watu wengine. Chai haichumwi mara moja ikaisha. Unachuma majani mawili na chipukizi, unauacha mti, halafu baada ya siku chache unarudi. Usomaji hukua vivyo hivyo, kidogo kidogo na kwa kurudia. Neno "itaendelea" limewafunza watu wengi kusoma kuliko viboko.

Kwa hivyo basi, naomba mambo mawili. Kwanza, Chama cha Kiswahili kianze hadithi ya kuendelea, iliyotungwa na sisi wenyewe, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa. Iwe na mambo ya hapa: kituo cha majani chai, mananasi, matatu ya kwenda Litein. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, na hadithi itafika nyumbani jioni hiyo hiyo. Mama akirudi kutoka shambani na kikapu atauliza, "Eh, kisha yule mwizi alishikwa?" Hapo Kiswahili kitakuwa kimeingia jikoni bila kubisha hodi.

Pili, maktaba ihifadhi nakala mbili za kila toleo la jarida hili. Ulizeni leo toleo la miaka kumi iliyopita liko wapi. Hakuna! Walioandika humo ni kaka na dada zetu, na huenda mmoja wao alikuwa na kipaji cha Abdulla. Sasa tutajuaje, ikiwa maandishi yake yalifungia nyanya?

Wahenga walisema akiba haiozi. Karatasi huoza upesi, jamani, na hasa hii ya bei nafuu. Tuihifadhi ingali inasomeka.