Kabla ya Kulipia Chipo za Watoto Wiki Mbili Mapema

Shule zikishafungwa za Disemba, simu za wazazi wa Nairobi hujaa matangazo ya aina moja. Siku nzima ya bembea, maji ya kuteleza na kasri la kuruka, chakula ndani, bei moja. Lipa wiki hii upunguziwe. Nambari ya Till iko hapo chini, na mtoto tayari ameshaona picha.

Kazi yetu ni malipo kwa simu, na biashara ikilipwa kupitia kwetu tunapata chetu. Ungetarajia tukwambie lipa mapema, jilipie amani. Lakini maoni yetu, baada ya kusikiliza wateja wengi wakilalamika kila Januari, ni kwamba kifurushi cha chakula kinachouzwa pamoja na tiketi ya kuingia kinawafaa watu wachache kuliko wale wanaokinunua. Familia nyingi za Kangemi, Kawangware au Uthiru zingekula vizuri zaidi kwa pesa kidogo zaidi zikinunua tiketi tupu, au zikichanganya.

Hebu tupige hesabu. Bei ni za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme kuingia ni shilingi 700. Ndani, chipo na robo kuku ni 550, soda 100, aiskrimu 150. Ukinunua kimoja kimoja ni 1,500. Kifurushi kinauzwa 1,400. Unaokoa mia kwa kila kichwa, na mko watano: baba, mama na watoto watatu. Mia tano imerudi mfukoni, sivyo?

Sasa angalia wanaokula. Yule wa miaka minne atakula chipo sita, aombe aiskrimu, kisha akimbilie bembea. Dada yake anataka soda na aiskrimu tu kwa sababu mko na mandazi ya asubuhi tumboni. Mama hanywi soda, na aiskrimu hataki. Ukweli ni kwamba meza hiyo inahitaji sahani tatu za chipo kuku, soda tatu na aiskrimu tatu. Vifurushi vitano ni 7,000. Tiketi tano tupu na vyakula hivyo kununuliwa kimoja kimoja ni 5,900. Vifurushi vitatu na tiketi mbili tupu ni 5,600, na kila mtu ameshiba kama kawaida. Tofauti ya 1,400 ni nauli ya kurudi mtaani na supu ya jioni, na bado inabaki.

Kwa hivyo swali la kwanza la kuuliza kabla hujatuma hata shilingi ni kama wanakubali familia moja ichanganye vifurushi na tiketi tupu. Wengi wanakubali ukiuliza. Tangazo ndilo halisemi. La pili ni kama sahani moja inaweza kuliwa na watoto wawili. La tatu, na hili watu hulisahau kabisa, ni chakula cha kutoka nje. Mahali palipoandikwa getini kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi, bei ya ndani ndiyo bei, na hapo kifurushi kinaanza kuwa na maana. Mahali wanaporuhusu hotpoti yako ya pilau, kifurushi ni hasara ya wazi. Hakuna jiko la bustani ya michezo litakaloshinda pilau ya nyumbani, kwa bei wala kwa ladha.

Kuna wale watakaosema Carnivore kule Langata Road imefanya biashara ya bei moja tangu 1980 na watu bado wanapanga foleni. Ni kweli, na ni mfano mzuri. Pale nyama huletwa mezani mpaka uteremshe kibendera, na anayejua mambo hajazi tumbo kwa supu na mkate mapema. Lakini pale ulienda kula. Mtoto aliye kwenye maji ya kuteleza hakuja kula. Ukimwita saa saba mchana aje amalize robo kuku kwa sababu imelipiwa, mtagombana nyote wawili, na kuku atabaki.

Ukishakinunua basi, kitumie kwa akili. Foleni ya jikoni huwa ndefu kati ya saa sita na nusu na saa nane. Kula saa tano na nusu au saa tisa. Kama kuponi ina chaguo, chagua kile ambacho kingekugharimu zaidi ukikinunua kaunta, maana soseji na samaki kwenye kuponi moja ni bei moja kwako ingawa kaunta si bei moja. Kuponi za vinywaji zikibaki jioni, omba maji au soda ambayo haijafunguliwa mwende nayo kwenye matatu. Na ubebe kopo la kufungia chakula. Mtu wa jikoni hakatai kukufungia chipo zako ulizolipia, ila ni wachache wanaoomba. Tunaona haya bure.

Mpaka hapo ni hesabu ya tumbo. Kinachotusumbua sisi zaidi ni salio.

Sehemu nyingi za michezo, hata zile za ndani ya maduka makubwa ya Westlands na Ngong Road, zimehamia kwenye kadi au bangili unayojaza pesa. Jaza elfu, upewe bonasi. Jioni kadi ina 230. Ukiuliza, unaambiwa hairudishwi, njoo tena. Au mbaya zaidi, inaisha leo usiku. Tumeshazizoea bando za data zilizokuwa zikifa saa sita usiku, na tulinung'unika miaka mingi mpaka Safaricom ikaleta bando zisizo na muda wa kuisha, Oktoba 2019. Kama data inaweza kukaa, sijui kwa nini 230 ya soda isikae.

Na hapa kuna tofauti ambayo mteja anastahili kuijua, kwa sababu haionekani kwenye skrini. Pesa iliyo kwenye akaunti yako ya simu inalindwa na Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011 na kanuni zake za 2014. Kampuni inatakiwa kuiweka kwenye akaunti ya amana, mbali na pesa zake yenyewe. Ni yako, sisi tumeshika tu. Ile 230 kwenye kadi ya bustani ni kitu kingine. Umeshaitoa. Wewe sasa ni mtu anayewadai, kama yule anayewaletea viazi, na wakifunga biashara utapanga foleni pamoja naye. Huenda yeye akawa mbele yako.

Wanairobi wameshaliona hili. Nakumatt ilipoanza kuyumba, watu walikuwa na kadi za pointi walizozikusanya miaka na miaka, kutoka Lifestyle pale mjini hadi Junction ya Ngong Road. Januari 2018 duka likawekwa chini ya msimamizi, Januari 2020 wanaolidai wakapiga kura lifilisiwe. Kadi zikabaki plastiki. Na kabla ya hapo kulikuwa na BebaPay, kadi ya nauli ya matatu iliyoletwa na Google na Equity Bank mwaka 2013, wakati serikali ilikuwa inasukuma matatu ziache pesa taslimu. Machi 2015 huduma ilifungwa. Makanga hakuitaka, na abiria wa 46 hakuona kwa nini afungie nauli ya wiki ndani ya kadi wakati noti ya mia inafanya kazi ile ile. Tunadhani abiria huyo alifikiria sawasawa.

Hatusemi usilipe mapema kamwe. Kuna kundi moja ambalo tunaliambia bila kusita: chukueni kifurushi. Ni safari ya kundi. Watoto sitini wa Sunday school kutoka Kawangware, chama cha kina mama kutoka Kinoo, darasa la nane la zamani lililokutana tena. Hapo mweka hazina anahitaji kujua gharama kabla ya basi kuondoka, na hakuna anayetaka mtoto mmoja ale huku mwenzake akiangalia kwa sababu kwao hakukuwa na mia tano ya ziada. Malipo yakiwa moja, na ujumbe mmoja wa kuthibitisha, hakuna mtu atakayeshukiwa kwenye mkutano wa Jumapili ijayo. Amani ya namna hiyo ina bei yake na tunaona inafaa kulipiwa.

Ila kundi liwe gumu kwenye maelewano. Watoto sitini wakiandikishwa, hawafiki sitini. Mmoja ana homa, wawili wameenda ushago. Lipeni amana kwanza, na maandishi yaseme kwamba kilichobaki kitalipwa kwa idadi iliyofika getini. Ombeni walimu waingie bure. Ulizeni kama chipo inaweza kubadilishwa kuwa pilau au wali maharagwe, maana watoto sitini na mafuta mengi kisha basi la kurudi kupitia Waiyaki Way jioni ni hadithi mnayoijua. Na pesa za kundi zisikusanywe kwenye laini ya mtu binafsi ikiwa mnaweza kufungua akaunti ya kundi. Si kwamba mweka hazina ni mwizi. Fuliza yake inaweza kukata kabla hajaamka.

Sasa matapeli, kwa kifupi. Disemba hutokea kurasa zenye picha za bustani halisi na bei nusu. Dalili ni moja: wanakwambia tuma kwa nambari ya mtu, kwa sababu Till ina shida leo. Kabla ya malipo kukamilika, jina la anayepokea hutokea kwenye simu. Lisome. Kama tangazo ni la bustani na jina ni la mtu usiyemjua, achana nayo. Na ufahamu kwamba kurudishiwa pesa kupitia sisi kumewekwa kwa ajili ya aliyekosea nambari. Ukinunua kifurushi kwa hiari yako kisha ukajuta, hatuna uwezo wa kwenda kuchomoa pesa kwa mfanyabiashara bila yeye kukubali. Tunalisema wazi kwa sababu wateja wengi hulijua wakiwa wameshachelewa.

Ukikataliwa kitu ulichoahidiwa, hapo ni tofauti. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Kwa maoni yetu, tangazo lenye picha ya robo kuku na maandishi madogo yanayosema ofa haitumiki wikendi halijakupa habari hizo. Tunza ujumbe wa malipo, usiufute kupunguza nafasi kwenye simu. Una msimbo, tarehe, saa na jina la biashara. Piga picha ya tangazo pia, kwa sababu matangazo huondolewa. Malalamiko ya watumiaji hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na kama ni kundi lililopoteza elfu sitini, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, iliyoanza kazi Aprili 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Kwa 230 hakuna atakayeenda. Wenye kadi wanajua hivyo.

Ndiyo maana salio lisiachiwe mteja alipiganie peke yake. Wamiliki wa bustani husema kurudisha visenti vya kila mtu ni kazi kubwa. Miaka kumi iliyopita tungekubaliana nao. Leo biashara inayopokea malipo kwa simu inaweza pia kutuma kwa simu, hivi hivi wanavyolipa vibarua wao Ijumaa. Kadi inajua ilijazwa kutoka nambari gani. Ukifika getini jioni, unaigusisha kwenye mashine, na 230 inarudi kule ilikotoka kabla hujafika stage. Ada ya kutuma ipo, na tunakubali kujadiliana nani aibebe. Hata ikikatwa kwenye salio lenyewe, mteja atabaki na zaidi ya sifuri anayobaki nayo sasa.

Mpaka wakubali, jaza kadi kidogo kidogo. Mia mbili, mia mbili. Bonasi ya kujaza elfu haikusaidii kama hutaimaliza. Na kama mwaka huu pesa ni ngumu, Arboretum iko pale karibu na State House na hotpoti yako inaruhusiwa. Beba maji kwenye chupa ya kutumia tena, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutupa zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga zilizolindwa. Mtoto akitaka mashua, chagua mahali wanapotoza kwa mzunguko. Hapo unalipia mzunguko mmoja, unashuka, na hakuna salio la kudai.