Urithi wa Wainka: mali hubaki kwa anayeitunza

Kila mwaka ifikapo Juni, wanavijiji wa jamii nne za mkoa wa Cusco nchini Peru hukutana kwenye kingo za mto Apurímac kusuka daraja kwa majani. Kila familia huja na kamba iliyosokotwa nyumbani. Kamba nyembamba husukwa pamoja zikawa nene, nene nazo zikaunganishwa na kuvutwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Baada ya siku chache daraja jipya la karibu mita 30 huwa linaning'inia juu ya korongo, na lile la zamani hukatwa likachukuliwa na maji.

Daraja hilo, liitwalo Q'eswachaka, limesukwa kwa namna hiyo tangu enzi za dola ya Wainka, miaka zaidi ya 500 iliyopita. Mwaka 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliitambua kazi hiyo ya kulisuka kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Lakini heshima haikazi kamba. Mwaka 2020 janga la korona liliwazuia wanavijiji kukutana, na mwaka 2021 daraja lilikatika. Juni ya mwaka huo walirudi mtoni wakalisuka upya.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wana la kujifunza hapo. Urithi hudumu kwa kazi, na faida yake mara nyingi humwendea aliyeutunza, akauhesabu na kuusimamia sokoni, hata kama hakuwa yeye aliyeuanzisha. Habari za mali walizoacha Wainka, kuanzia viazi hadi dawa ya malaria, zinathibitisha jambo hilo, kwa uzuri na kwa ubaya wake.

Dola ya Wainka ilikuwa na makao yake Cusco, mji ulio zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Katika karne ya 15 ilipanuka kufuata milima ya Andes, kutoka kusini mwa Kolombia ya leo hadi Chile na Ajentina. Watu wake hawakuwa na magurudumu wala zana za chuma. Hata hivyo waliunganisha barabara za zaidi ya kilomita 30,000, ambazo mwaka 2014 ziliingizwa katika orodha ya UNESCO kwa maombi ya nchi sita. Mizigo ilibebwa na wanyama waitwao lama, na habari zilipelekwa na wakimbiaji waliopokezana njiani.

Ni haki kusema kwamba viazi, nafaka ya kwinoa na sufu ya alpaka havikuvumbuliwa na Wainka. Watu wa Andes walikuwa wakilima na kufuga maelfu ya miaka kabla yao. Walichofanya Wainka ni kuvipanga: walisambaza kilimo cha matuta kwenye miteremko, wakachimba mifereji, wakaweka maghala. Wala utawala wao haukuwa wa starehe kwa mkulima, kwani kila kaya ilidaiwa siku za kazi kwa ajili ya dola.

Wahenga walisema akiba haiozi, na Wainka waliufanya usemi huo kuwa utaratibu wa nchi. Katika mji wa kale wa Huánuco Pampa kuna mabaki ya maghala karibu 500 yaliyopangwa kwa safu kwenye mteremko wa kilima, mahali penye upepo na baridi, ili chakula kisiharibike. Humo viliwekwa mahindi, viazi na bidhaa nyingine za kulishia majeshi na vibarua, na za kuokoa watu mwaka wa njaa.

Kiazi ni zao linalooza upesi, na hapo ndipo ujuzi wa wenyeji ulipoonekana. Viazi hutandazwa nje usiku wa baridi kali vikaganda. Mchana jua huviyeyusha, na watu huvikanyaga kwa miguu kutoa maji. Baada ya siku kadhaa hubaki vipande vyepesi na vikavu viitwavyo chuño, ambavyo huweza kukaa ghalani kwa miaka. Vinauzwa katika masoko ya Peru na Bolivia hadi leo.

Wahispania wakiongozwa na Francisco Pizarro walimkamata mfalme Atahualpa mjini Cajamarca mwezi Novemba 1532, wakachukua dhahabu na fedha za dola hiyo na kuziyeyusha. Miaka 13 baadaye mgodi mkubwa wa fedha uligunduliwa Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia. Wachimbaji walihitaji chakula kisichooza. Mwandishi wa Kihispania wa wakati huo, Pedro Cieza de León, aliandika kwamba Wahispania wengi walirudi kwao matajiri kwa sababu tu ya kupeleka chuño kuuza migodini. Mkulima ndiye aliyelima, akagandisha na kukanyaga. Faida ikaenda kwa aliyeshika usafiri na soko.

Kisa hicho hakikuwa cha mwisho. Wakazi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kwinini, dawa chungu ya malaria. Inatokana na gome la mti wa sinkona, unaoota kwenye misitu ya milima ya Andes. Wazungu walianza kupeleka gome hilo Ulaya katika karne ya 17. Mwaka 1865 Mbolivia mmoja, Manuel Incra Mamani, alimpatia mfanyabiashara wa Kiingereza, Charles Ledger, mbegu za sinkona yenye dawa nyingi kuliko aina nyingine. Mbegu hizo zikauzwa kwa Waholanzi, wakazipanda katika kisiwa cha Java. Ilipofika karne ya 20 sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia ilitoka Java. Manuel alitiwa nguvuni na kupigwa kwa kutoa mbegu nchini, na akafa kutokana na mateso hayo. Mti ukabaki kwenye nembo ya taifa la Peru, lakini biashara ilikuwa imehamia kwingine.

Msemo mwingine unafaa hapa: mali bila daftari hupotea bila habari. Wainka hawakuwa na maandishi ya kalamu, lakini walikuwa na kipu, yaani nyuzi zenye mafundo. Rangi ya uzi, aina ya fundo na mahali lilipofungwa vilionyesha idadi. Watunza hesabu waliweza kueleza kilichoingia ghalani na kilichotoka. Wajukuu wao wamelazimika kujifunza daftari la aina nyingine, lile la hati na sheria.

Mwaka 1994 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani walipewa hataza juu ya aina ya kwinoa ambayo chimbuko lake ni Andes. Chama cha wakulima wa kwinoa wa Bolivia, ANAPQUI, kilipinga mbele ya dunia, na mwaka 1998 hataza hiyo iliachwa. Peru nayo iliunda tume ya taifa mwaka 2004 ya kufuatilia watu wanaojimilikisha mimea na ujuzi wa wenyeji. Bila chama, mkulima wa Bolivia asingesikika. Aliyesimama peke yake na mbegu zake, kama Manuel, hakuwa na mtetezi.

Hata hivyo kuimiliki mbegu hakutoshi kama soko halieleweki. Kwa muda mrefu kwinoa ilidharauliwa mijini kama chakula cha maskini wa milimani. Walaji wa Marekani na Ulaya walipoanza kuitafuta kwa ajili ya afya, bei ilipanda mwaka hadi mwaka. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa. Huko Bolivia watu walirudi kutoka mijini kuja kulima, malisho ya lama yakageuzwa mashamba, na samadi ikapungua wakati ardhi inaihitaji zaidi. Wakati huo huo nchi nyingine zilipanda, na mashamba makubwa ya pwani ya Peru yakaingia kwenye zao hilo. Kufikia mwaka 2015 bei ilikuwa imeanguka hadi chini ya nusu ya kilele chake. Waliotegemea zao hilo peke yake waliumia. Bei nzuri ni mgeni, na mgeni hapangiwi nyumba yote.

Utalii nao una sura hizo hizo mbili. Mji wa mawe wa Machu Picchu, uliojengwa katika karne ya 15, ulitangazwa duniani na Mmarekani Hiram Bingham baada ya kufika huko mwaka 1911. Vitu alivyochukua vilikaa Chuo Kikuu cha Yale kwa karibu karne nzima, na vikarudishwa mwaka 2011 na 2012 baada ya Peru kuvidai. Mwaka 2019 mji huo ulipokea wageni zaidi ya milioni 1.5. Umati wa namna hiyo ni fedha, na pia ni mzigo kwa mawe na njia za kale. Kwa sababu hiyo njia ya miguu ya Wainka imewekewa kikomo cha watu 500 kwa siku, wakiwamo wapagazi, na hufungwa kila Februari kwa matengenezo.

Swali gumu ni nani anakula faida. Januari 2024 wakazi wa mji ulio chini ya mlima huo waligoma siku kadhaa, wakazuia treni, wakipinga uuzaji wa tiketi kukabidhiwa kampuni binafsi. Serikali ililazimika kukaa nao mezani. Walihofia kwamba wageni wangeendelea kuja huku fedha zikipita juu ya vichwa vyao.

Wafumaji wa kike wa Chinchero, karibu na Cusco, wamefuata njia tulivu zaidi. Tangu mwaka 1996 kituo cha ufumaji kilichoasisiwa na Nilda Callañaupa na wenzake kimekusanya wafumaji wa vijiji mbalimbali, kikafufua mifumo na rangi za asili zilizokuwa zikisahaulika, na kikauza kazi zao kwa bei inayolingana na jasho. Mteja hununua kitambaa akijua kimefumwa na nani na katika kijiji gani. Kitambaa cha kiwandani hakiwezi kushindana na jina la mtu.

Mkulima wa Njombe, Mbeya, Nyandarua au Meru anaweza kudhani haya ni mambo ya mbali. Atazame shamba lake. Kiazi mviringo anachopanda kilitoka Andes, na hadi leo mbegu mpya bado zinatoka huko. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima mwaka 1971, kinahifadhi aina za asili zaidi ya 4,000 na kina ofisi Nairobi. Aina kama Asante na Tigoni, zilizotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1998, zilitokana na hazina hiyo. Nchini Kenya kiazi sasa ni zao la chakula la pili baada ya mahindi.

Lakini viazi vilikuja bila ghala na bila daftari. Mavuno hutoka kwa wakati mmoja, dalali hufika shambani, na gunia hujazwa lumbesa hadi shingo ya gunia isionekane. Kenya iliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50, na Tanzania nayo inakataza lumbesa. Kanuni hizo zitabaki karatasi kama mkulima mmoja mmoja anaendelea kuuza akiwa na shida ya ada ya shule na mzigo unaooza.

Kuna hatari nyingine. Wakulima wengi wa Kenya wamejikita kwenye aina moja, Shangi, kwa sababu huiva haraka na sokoni inapendwa. Aina hiyo huchipua upesi baada ya kuvunwa, hivyo haivumilii kuwekwa, na ugonjwa wa baka jani chelewa huishambulia. Ireland ilitegemea mno aina moja ya kiazi, na ugonjwa huo huo ulipoingia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa katika njaa iliyofuata. Mkulima wa Andes hupanda aina nyingi katika shamba moja, kwa kuwa anajua baridi na magonjwa havitaziangusha zote pamoja.

Nyanda za juu za Afrika Mashariki hazina baridi ya kutengeneza chuño, na hakuna haja ya kuiga kila kitu. Kinachowezekana kinajulikana. Viazi vya kula vihifadhiwe penye giza, ubaridi na hewa ya kutosha, kwa sababu mwanga huvifanya vya kijani na vyenye sumu. Vya mbegu viwekwe kwenye vichanja penye mwanga hafifu ili vitoe machipukizi mafupi na imara. Wakulima kumi wakijenga ghala moja na kununua mizani moja wanaweza kumwambia dalali arudi baada ya wiki tatu. Anayeandika gharama za mbegu, mbolea, dawa na vibarua anajua bei ambayo chini yake anauza hasara. Na shamba lenye aina mbili au tatu halifi lote kwa ukungu mmoja.

Serikali na halmashauri zina wajibu wao: barabara za mashambani, mbegu bora kwa bei nafuu, na wakaguzi wa vipimo wanaofika sokoni badala ya kukaa ofisini. Wanastahili kudaiwa hayo. Lakini wanavijiji wa Apurímac hawangoji amri ya mtu kusokota kamba zao. Msimu huu wa mavuno, kabla gunia la kwanza halijapakiwa, wakulima wa kijiji kimoja wakubaliane juu ya mizani, ghala na daftari. Hapo ndipo kiazi cha Andes kitakapoanza kumlipa anayekilima.